Ng'ombe Mweusi wa Kituo cha Gesi

Siku ya kuniaga walinizawadia mtungi wa gesi. Mtungi! Umevishwa karatasi ya kumetameta na utepe shingoni kama bibi harusi. Miaka yote hiyo nimeviringisha mitungi, nimeipaka povu, nimeinusa mpaka nikaiota usingizini, halafu siku ya kuondoka napewa mtungi. Ni sawa na kumuaga punda kwa kumpa gunia. Nikasema asante, kwa sababu mama yangu alinilea. Kisha kijana wa ofisini akanisogezea simu mdomoni. "Bibi, tuambie mafanikio yako kazini, kwa ufupi." Kwa ufupi! Nikamwambia azime hiyo simu, nitaandika mwenyewe. Darasa la nne la Tumati halikunipa mengi, lakini mwandiko lilinipa, na mikono ya mwalimu wetu ilikuwa mizito.

Basi haya ni yenu mnaobaki pale, hasa nyie wasichana wa uwanja wa mitungi. Nani alipanda cheo, nani alipelekwa semina Dodoma, hayo sitayagusa. Waliopanda vyeo wanajulikana kwa matumbo yao.

Nyie mmekuta matenki yamesimama, mkadhani yaliota kama uyoga. Mimi nilikuwepo pale pakiwa na migunga na mavi ya ng'ombe tu, uwanda mtupu chini ya Endasak, mlima Hanang umetukalia kisogoni. Watu walikuja na mashine ya miguu mitatu, wakachungulia, wakaandika, wakaondoka. Wakarudi na wakubwa. Mkubwa mmoja akapanda juu ya meza, akasema gesi itatoka ng'ambo kwa meli, itashushwa Tanga, itapanda malori mpaka kwetu, itahifadhiwa hapa, na mama wa Manyara hatakata kuni tena maishani mwake. Tukapiga makofi. Mkubwa akashuka mezani, akala pilau. Hiyo pilau niliipika mimi, kwa kuni, nilizozikata mwenyewe alfajiri ya siku hiyo. Hakuuliza. Alisema tu nyama imeiva vizuri.

Ndivyo nilivyoingia kazini. Kituo cha gesi kilijengwa kwa kuni zangu kuanzia jiwe la kwanza mpaka rangi ya mwisho, na hakuna aliyeona ajabu. Makande asubuhi, ugali na maharage mchana, mafundi wakila kama nzige. Kibanda changu cha kupikia kilikuwa juu ya mteremko, pembeni ya ofisi ya msimamizi.

Nitasema kwa nini nilishuka kutoka Tumati, maana wengi mmeniuliza nilifuata nini kwenye lile joto. Nilimfuata binti yangu. Sisi ni Wairaqw, watu wa milimani, wa jembe na misa ya kwanza. Paskalina wangu aliolewa na Mdatoga, mchunga ng'ombe wa uwandani, na kaka zangu wakanitazama kama mtu aliyemtupa mtoto mtoni. Babu zetu waliibiana ng'ombe, kwa hiyo mpaka leo kila upande unahesabu. Mimi nikasema, kama wameibiana ng'ombe muda wote huo, bora sasa waibiane wake, angalau ng'ombe wapumzike. Boma la wakwe zake lilikuwa bondeni, chini kidogo ya ule uwanja, na mwenye sauti pale hakuwa mwanaume. Alikuwa mkwe wangu, Bibi Udamaluk, mama wa mume wa Paskalina. Mrefu, mkavu, sketi ya ngozi, bangili za shaba hadi viwikoni. Akikutazama unajikagua kama umevaa nguo.

Aliyenifundisha kazi ya gesi hakutumwa na kampuni. Alikuwa Mzee Hoza, fundi wa mabomba kutoka Tanga, mwenye kikohozi na nidhamu ya tumbo: lazima awe wa kwanza kwenye foleni ya chakula. Kwa sababu alikuwa wa kwanza kufika, alikuwa na muda wa kuongea. Siku moja nikamwuliza, "Mzee, hii gesi mnayoiogopa hivi, inafananaje?"

Alichukua kikombe changu cha maziwa akakimimina juu ya meza, taratibu.

"Wewe mzee una wazimu!" nikamwambia. "Maziwa!"

"Tulia, Mama Paska. Tazama."

Maziwa yakafuata mteremko wa meza, yakashuka mguuni, yakapita kwenye ufa mdogo sakafuni, yakaingia kwenye majivu ya jiko langu. Yakachemka, fyuuu.

"Ndivyo inavyokwenda," akasema. "Ni nzito kuliko hewa. Haipandi, inatambaa. Haikufuati kwa hasira, inatafuta bonde tu. Na kama bondeni kuna moto, inarudi nao mpaka ilikotoka. Yenyewe haina harufu, ule uvundo tunautia sisi ili pua ya mtu iamke."

Nikampiga na mwiko begani kwa ajili ya maziwa yale. Lakini sikusahau.

Sasa msimamizi wa usalama. Jina lake la kanisani halina faida, sote tulimwita Filimbi, kwa sababu alivaa filimbi shingoni na aliipuliza kwa kila kitu. Fundi amekaa kwenye ngazi, filimbi. Mbuzi amepita, filimbi. Aliniamuru nivae kofia ngumu jikoni. Nikasonga ugali na kofia ngumu kichwani, kana kwamba ugali utaniangukia kutoka mbinguni. Nilimwuliza, "Baba, na ukila je, hutavaa kofia mdomoni?" Akapuliza filimbi.

Nimseme kwa haki: hakuwa mvivu wala mwizi. Na jambo nitakalolisimulia, alikuwa sahihi kuhusu moto. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Mtu mpumbavu akikosea unacheka ukaenda zako. Mtu mwenye haki akiwa mpumbavu, huyo anakula moyo.

Mwanzoni uzio ulikuwa mbali na boma. Kisha wakubwa wakaongeza tenki la pili, na tenki likiongezeka, eneo ambalo moto hauruhusiwi linaongezeka nalo. Likafika hadi mlangoni kwa Paskalina. Filimbi akaitisha mkutano. Akaja mwenyekiti wa kijiji, wakaja wazee, akaja mume wa Paskalina. Wanaume wakakaa kivulini, wakakubaliana boma lihamie ng'ambo ya korongo mvua zikiisha, wakapewa soda. Mwanamke pale alikuwa mmoja, mimi, na nilikuwa nagawa soda.

Mvua haikuisha, na Paskalina akajifungua. Msichana, mjukuu wangu wa kwanza, kelele kama debe. Wadatoga mzazi wao hatoki. Anakaa ndani na mtoto, moto wa jiko lake hauzimwi, mwanaume haingii, hata mwenye mke anasalimia kutokea nje. Wanaomfungia ndani ni wanawake, na siku ikifika wanawake ndio wanaomtoa. Si serikali, si mganga, si padri. Kwetu milimani nasi tunajua mambo ya mzazi, kwa hiyo sikushangaa. Nilikuwa napeleka uji na kurudi.

Wakati huohuo lori la kwanza la gesi lilikuwa limeshatoka Tanga.

Filimbi alipiga simu huku, akapiga simu kule, kisha akamtuma mlinzi bondeni: zimeni moto. Udamaluk akamjibu mlinzi kwa kumpa maziwa mgando na kumwambia amsalimie aliyemtuma. Mlinzi akanywa, akarudi na salamu. Filimbi akaona amedharauliwa. Akachukua ule mtungi mwekundu wa kuzimia moto, akashuka mwenyewe.

Nilikuwa nachambua maharage. Nilimwona akiinama kuingia kwenye nyumba ya mwanangu. Nikasema, hapana, macho yangu ni ya uzee. Kisha nikasikia lile pshaaaa. Wingu jeupe likatoka mlangoni, na Filimbi nyuma yake, buti zimejaa unga, anakohoa. Akasema, "Usalama kwanza."

Nilipofika ndani Paskalina alikuwa mweupe kope na nywele, kama mtu aliyetoka mashine ya kusaga. Amejikunja juu ya mtoto. Yule mtoto alikuwa anapiga chafya, chafya, chafya, kitu kidogo hivyo. Tulimtoa unga puani kwa ncha ya khanga. Jiko lilikuwa limezikwa.

"Mama," Paskalina akaniambia, "ameingia na viatu."

Kati ya yote, hilo ndilo lililomkaa moyoni. Ameingia na viatu.

Nilidhani Udamaluk atapiga yowe. Hakupiga. Aliwasha moto mwingine palepale, kwa kaa la nyumba ya jirani, akafagia unga wote, akachukua fimbo yake akaondoka kwa miguu. Kesho yake kulipokucha wanawake walikuwa wanatokea kila upande wa uwanda, sketi za ngozi zimepakwa mafuta, fimbo mikononi. Vijana mnaotoka mbali hamlijui hili, kwa hiyo sikilizeni. Wanawake wa Kidatoga wana baraza lao. Mwanaume akimkosea mwanamke katika mambo ya uzazi, hakosei mmoja, anakosea wote, na wao ndio wanaomhukumu. Hakuna mwanaume anayesimama kuongea. Asipolipa wanamlaani, na mwanaume aliyelaaniwa na hilo baraza, hata mbwa wake humkwepa.

Wakaketi getini. Si pembeni ya geti, getini penyewe, kwenye barabara ya malori.

Filimbi alinijia jikoni. "Mama, wale ni watu wako. Waambie waondoke. Wasipoondoka, na wewe hapa jikoni usirudi."

Nilikuwa nimeshika mwiko. Mafundi walikuwa wameanza kupanga foleni, Mzee Hoza mbele kama kawaida. Nikaivua ile kofia ngumu, nikafunikia sufuria ya maharage. Nikavua na fulana ya reflekta. Nikashuka.

Udamaluk aliponiona akasogea kidogo kunipa nafasi. "Umechelewa, mkwe."

"Nilikuwa na maharage jikoni."

"Yameiva?"

"Hayajaiva."

"Basi na waumwe matumbo," akasema, na wale kina mama wakacheka chini chini.

Kesi haikuwa ndefu. Walimwita Filimbi akacheka, akasema yeye hana kesi na bibi zake. Wakamhukumu hivyo hivyo: ng'ombe dume mweusi, mweusi wote, asiye na doa. Filimbi akakimbilia kwa wazee wa kiume, walewale wa soda. Wakamsikiliza vizuri. Kisha mmoja akamwambia, "Mwanangu, hilo ni la wanawake. Sisi wenyewe tunaliogopa." Wakamwomba asikae nao karibu sana.

Mchana lori likafika. Refu, jeupe, limeandikwa maneno mekundu ya hatari. Dereva alikuwa kijana wa huku huku Hanang. Alipowaona akazima injini kabla hata ya kufika, akashuka, akavua kofia.

"Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba."

Filimbi akampulizia filimbi. "Wewe, piga honi! Watapisha!"

"Bosi," dereva akasema, "mimi sijazaa bado. Siwapiti hawa." Akaenda kukaa kwenye kivuli cha mbali.

Kesho yake Filimbi akaja na akili mpya. Alikuja akiviringisha mtungi mpya kabisa, na jiko la plate mbili chini ya kwapa. Akaweka mbele ya Udamaluk, akasimama wima kama anayetoa kombe. "Mama, niliwazimia moto. Nimewaletea moto ulio bora zaidi. Hauna moshi."

Udamaluk aliugonga ule mtungi kwa fimbo. Ukalia.

"Una pembe?"

"Hapana, mama, huu ni..."

"Una mkia?"

Kina mama wakaanza kujifunika nyuso.

"Una damu?"

"Hauna."

"Basi mrudishe kwa mama yake, hajakua."

Walicheka mpaka wengine wakalala chali barabarani. Na mimi nilicheka, Mungu anisamehe, huku nikijua sina kazi.

Siku iliyofuata akaja na ng'ombe, kamnunua mnadani Endasak. Mweusi, mnene, mzuri wa kutazama. Kina mama wakamzunguka, wakampapasa, wakamwinua mkia. Kisha bibi mmoja mfupi akainama, akachungulia tumboni. Akainuka na kidole kimoja juu. Doa jeupe, dogo kama ukucha, karibu na kitovu. Ng'ombe akarudishwa. Filimbi akasema, "Lakini halionekani!" Yule bibi akamwambia, "Na gesi je, inaonekana?" Hapo nikajua wale watu si wajinga, ila walikuwa hawajaambiwa.

Siku hiyohiyo Mzee Hoza alishuka getini kunitafuta. Nilidhani ni njaa, maana tangu niondoke walikuwa wanapikiwa na mlinzi, tuseme wanapikiwa. Uso wake haukuwa wa njaa.

"Mama Paska. Lile lori haliwezi kukaa juani hivi. Jua likizidi, gesi inavimba ndani, na valvu ya juu inaweza kupumua. Imetengenezwa hivyo, ipumue kuliko kupasuka. Ikipumua..." Akatazama bondeni. Moshi wa jiko la Paskalina ulikuwa unapanda, umenyooka, hakuna upepo. Akanitazama mimi. "Unakumbuka maziwa?"

Nilikumbuka. Moto ule ule niliokaa barabarani kuutetea, ndio ungemla mjukuu wangu. Filimbi alikuwa sahihi, na wanawake walikuwa sahihi, na katikati ya hao wote wenye haki kulikuwa na kitoto kinachopiga chafya. Nikimwambia Udamaluk "zimeni", mimi na Filimbi tumekuwa kitu kimoja. Nikinyamaza, mimi ni bibi wa namna gani?

Nikachukua kibuyu cha maziwa kilichokuwa mapajani mwa mkwe wangu. Nikaenda mpaka kwenye gurudumu la lori, nikakigeuza.

Kwa Mdatoga maziwa hayamwagwi. Kelele za kicheko zilikatika kama mtu amefunga mlango. Maziwa yakashika tairi, yakapata mfereji mdogo wa mvua, yakaanza kushuka, yanatafuta, yanazunguka jiwe, yanashuka tena, kuelekea boma. Yalikauka kabla ya kufika, lakini kila jicho lilikuwa limeshayafikisha.

"Umemwaga maziwa, mkwe," Udamaluk akasema. Sauti ilikuwa baridi. "Sasa tuambie kwa nini."

Nikawaambia kama nilivyoambiwa. Kwamba kilicho ndani ya lile lori kikitoka kitakwenda njia ile ile, hakitaonekana, na kikifika kwenye jiko la Paskalina kitarudi na moto mpaka hapa tulipokaa. Kwamba sikuja kumtetea mwenye filimbi. Ningemtetea ningekuwa bado nina mwiko.

Wakaongea Kidatoga kwa kasi, siwezi kuwafuata wakikimbia. Udamaluk akainuka.

"Nani alimfungia mzazi ndani?" akauliza kwa Kiswahili, ili na Filimbi asikie kule alikosimama.

"Sisi!"

"Nani anaweza kumtoa?"

"Sisi!"

"Na moto wake?"

"Unakwenda naye!"

Akamgeukia Mzee Hoza. Ilikuwa mara ya kwanza kuongea na mwanaume tangu baraza likae. "Wewe mkohozi. Hiyo kitu haipandi mlima?"

"Haipandi, mama."

"Nyumba gani iko juu, ambako haifiki?"

Mzee Hoza alikohoa kwanza. Nadhani alikuwa anaficha kucheka. Maana kote kule ndani ya uzio na nje yake, jengo lililokuwa juu kuliko yote, nje kabisa ya mstari wa hatari, upande ambao upepo unatoka, lilikuwa moja. Filimbi alijua kujipangia. Ilikuwa ofisi yake.

Sijawahi kuona mtu anahamishwa haraka hivyo. Kina mama walimzingira Paskalina kwa ngozi na mashuka mpaka hakuonekana hata kisigino, mtoto ndani, wakapanda naye mteremko. Kaa la moto nililibeba mimi, kwenye kigae, nikipita mbali na lori, upande Mzee Hoza alionielekeza, mbele ya kibao kikubwa kinachosema MOTO HAURUHUSIWI. Filimbi aliiweka filimbi mdomoni. Akamtazama Udamaluk. Akaitoa.

Meza yake ikatolewa nje. Kiti chake kikatolewa nje. Kalenda yenye picha ya meli ikabaki, Paskalina aliipenda. Mafiga matatu yakawekwa katikati ya sakafu ya udongo, moto ukawaka, na kuanzia hapo mwanaume hakuingia. Hata mwenye ofisi. Kofia yake ilibaki ndani, chaja ya simu ilibaki ndani, makabrasha yote ya usalama yalibaki ndani, mtoto akikojoa karibu nayo. Akitaka kitu anasimama mbali na kuita, "Mama Paska, naomba ile karatasi ya bluu," nami nampelekea ile ya kijani.

Lakini geti halikufunguliwa. Mzazi ameokolewa, deni bado, walisema. Mafundi wakafunika lori kwa maturubai na kulimwagia maji, na Filimbi akaingia uwandani kwa bodaboda kutafuta ng'ombe. Walioongozana naye walisimulia. Kila dume mweusi aliyeonyeshwa, Filimbi alilala chini mchangani, na reflekta yake, akachungulia tumbo. Wachungaji wakaitana kuja kumtazama mtu wa gesi anayelala chini ya ng'ombe. Alirudi jioni na vumbi masikioni, anamvuta dume kwa mkono wake, mweusi kama chungu cha bibi yangu. Yule bibi mfupi akainama. Akakaa ameinama muda, kwa makusudi kabisa. Akainuka bila kidole.

Nyama waliila wanawake. Mwanaume hakuonja. Mafundi wote, wale nzige wangu, walisimama nyuma ya uzio wananusa. Udamaluk akamwita Filimbi, akampaka mafuta kwenye paji la uso, akamwambia maneno mazuri, uzao na mvua na ng'ombe. Filimbi aliinamisha kichwa, na namwandikia hili kwa faida yake: hakuharakisha. Kina mama wakainuka barabarani, wakajikung'uta, wakaenda. Dereva akawasha injini. Gesi ya kwanza ikashuka salama, na Paskalina akamaliza siku zake zote za uzazi ofisini. Mtoto tulimbatiza Veronika. Uwandani hakuna anayelijua hilo jina. Wanamwita Ofisi.

Mimi nilirudi kazini, lakini si jikoni. Mzee Hoza aliwaambia mwenye pua kama yangu asipotezwe kwenye vitunguu, wakaniweka uwanja wa mitungi. Alinipa brashi ya povu la sabuni na spana yake ya shaba, isiyotoa cheche, ambayo niliiacha kwenye msumari karibu na mizani. Msiifanye ya kufungulia soda. Povu likipakwa kwenye valvu, subiri. Nyie mnapaka na kuondoka kama mnanyunyizia kanisa maji ya baraka. Gesi inayovuja kidogo haina haraka, inatoa kiputo kimoja cha povu wakati wewe umeshageukia simu.

Kesi ngumu nilizoziona si za mitungi mibovu, ni za watu wazima. Milimani kwetu baridi ikikaza, gesi inazubaa ndani ya mtungi, moto unakuwa mdogo kama wa mshumaa. Basi mtu wa Tumati akaulaza mtungi wake na ndama ili upate joto. Huyo nilimsamehe, ndama hawana kiberiti. Mwingine wa Endagikot, mtu wa kwaya, aliufunga blanketi akauegesha kwenye mafiga, kuni zinawaka. Ulikuja kwangu umeungua rangi upande mmoja. Nikamwuliza, "Baba, ulitaka kuimba na malaika leo leo?" Akasema aliambiwa gesi inapenda joto. Weka mtungi mahali pa wazi, usimame wima, baridi ikizidi subiri jua. Mababu zako walisubiri.

Mzee Hoza alirudi kwao Tanga, na kifua chake kikammaliza huko. Sikwenda kumzika. Siku nilipopata habari nilimwaga maziwa kidogo mezani, nikayatazama yakishuka.

Sasa nimesikia, hata mtungi wangu wa zawadi sijaufungua, kwamba mnaongeza tenki la tatu. Wiki iliyopita vijana wawili wa ofisini walipanda mpaka kwangu Tumati kwa pikipiki. Wana adabu, "shikamoo bibi" ilitoka kabla hawajashuka. Wakanieleza uzio utasogea tena, upande wa korongo, kwenye boma jipya la Udamaluk, kule walikohamia mvua zilipoisha. Wakaniomba niwasindikize, eti wananchi wananiheshimu.

"Mmeshaongea nao?" nikawauliza.

"Ndiyo, bibi. Tumekaa na mwenyekiti na wazee wote. Wamekubali kabisa."

"Mkanywa soda."

Wakatazamana. "Tulikunywa, ndiyo."

Paskalina ana mimba. Tumbo limeshuka, na Ofisi ndiye anayemchotea maji siku hizi. Niliwakaribisha chai, niliichemsha kwa kuni, sikuona sababu ya kubadilika. Walipomaliza vikombe nikawaambia nitashuka nao kesho, lakini waanze kutafuta ng'ombe leo. Mweusi. Na asiangaliwe mgongoni tu.